Faini au Kusimamishwa Leseni: Adhabu Ipi Inamlinda Mwananchi dhidi ya Moto?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mkaguzi wa usalama wa moto anapoingia katika ukumbi wa starehe na kukuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, kuna njia kuu mbili za kumwajibisha mwenye ukumbi. Ya kwanza ni faini: mhusika analipa, anapewa stakabadhi, na ukumbi unaendelea kupokea wateja. Ya pili ni kusimamisha leseni au kuzuia matumizi ya jengo mpaka kasoro irekebishwe. Zote mbili ni adhabu, lakini hazifanyi kazi moja. Faini humgusa mwenye jengo, ilhali zuio huiondoa hatari iliyo mbele ya watu waliomo ndani.

Hapa nchini, jukumu la kukagua majengo na kusimamia tahadhari za moto liko chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, Sura ya 427. Uzito wa jukumu hilo unafahamika kwa kila anayekumbuka moto wa bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana Shauritanga, wilayani Rombo, Juni 1994, uliogharimu maisha ya wanafunzi wapatao 40. Moto wa bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, Septemba 2020, uliosababisha vifo vya wanafunzi 10. Na moto wa Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021. Kila tukio lina chanzo chake, lakini yote yanatukumbusha kuwa moto hautoi nafasi ya pili.

Faini ina sifa zake. Hutozwa kwa haraka, haisimamishi ajira, na inaweza kulinganishwa na uzito wa kosa. Kwa kasoro kama mtungi wa kuzimia moto uliopitwa na tarehe ya ukaguzi, au kibao cha kuelekeza njia ya kutokea kilichoanguka, faini pamoja na siku chache za marekebisho ni adhabu inayotosha.

Udhaifu wake huonekana pale gharama ya kutii sheria inapokuwa kubwa kuliko gharama ya kuivunja. Mwenye jengo la ghorofa anayetakiwa kujenga ngazi ya pili ya dharura hupiga hesabu. Iwapo faini ya mwaka mzima ni sehemu ndogo tu ya gharama za ujenzi huo, ataiingiza katika matumizi yake ya kawaida kama anavyoingiza ankara ya maji na umeme. Hapo faini inakuwa imegeuka kodi ya kuruhusiwa kuhatarisha maisha ya watu.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano wa karibu. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi ya kupikia ulitokea Embakasi, jijini Nairobi, ukaua watu kadhaa na kujeruhi zaidi ya 200. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli ya nchini humo, EPRA, ilieleza baadaye kuwa ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo hicho, na kwamba mmiliki alikwisha kutiwa hatiani mahakamani mwaka 2023 na kupewa adhabu ya faini. Tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, hukumu ya faini haikuzuia hatari kurudi palepale katikati ya makazi. Pili, tishio la kusimamisha leseni halina nguvu kwa anayefanya biashara bila leseni. Huyo hudhibitiwa kwa kufunga eneo lenyewe na kulifuatilia ili lisifunguliwe tena kwa siri.

Japani nayo ilijifunza kwa machungu. Septemba 1, 2001, moto katika jengo dogo la burudani la Myojo 56, eneo la Kabukicho jijini Tokyo, uliua watu 44. Jengo lilikuwa na ngazi moja iliyojaa vitu, hivyo milango ya kuzuia moto haikuweza kujifunga. Wakaguzi walikwisha kubaini kasoro kabla ya siku hiyo, lakini hazikuwa zimerekebishwa. Mwaka uliofuata, sheria ya zimamoto ya nchi hiyo ilirekebishwa. Kiwango cha juu cha faini kwa kampuni kilipandishwa kutoka yeni 500,000 hadi yeni milioni 100, yaani mara 200. Sambamba na hilo, mamlaka ya kuzuia matumizi ya jengo yaliimarishwa, na ikawa lazima tangazo la amri hiyo liwekwe hadharani ili mteja alione kabla hajaingia. Wajapani hawakuchagua adhabu moja na kuiacha nyingine. Waliongeza uzito wa faini na papo hapo wakaifanya amri ya kuzuia matumizi kuwa jambo la wazi.

Romania inatuonesha upande mwingine wa suala hili. Baada ya moto wa klabu ya Colectiv mjini Bucharest, Oktoba 30, 2015, uliosababisha vifo vya watu 64, serikali iliwapa wakaguzi mamlaka ya kusimamisha shughuli katika majengo yasiyokidhi matakwa ya usalama wa moto. Klabu nyingi zilifungwa. Hata hivyo, ilibainika kuwa majengo mengi ya umma, zikiwemo shule, nayo hayakuwa na kibali cha usalama wa moto. Shule haifungwi kwa wepesi unaofungia klabu.

Hapo ndipo lilipo tatizo la adhabu ya kusimamisha leseni. Inapofungwa hoteli, anayeumia kwanza ni mhudumu anayelipwa kwa siku. Likifungwa soko, mama lishe na mchuuzi hukosa riziki kwa kosa ambalo si lao. Aidha, adhabu inapokuwa nzito mno, mkaguzi huweza kusita kuitoa, au mwenye mali akashawishika kutoa rushwa ili kuikwepa. Kwa upande wetu kuna suala la ziada: leseni za biashara hutolewa na BRELA au halmashauri, kulingana na aina ya biashara, wakati ukaguzi wa moto ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taarifa ya mkaguzi isipomfikia mtoa leseni kwa wakati, leseni inaweza kuhuishwa huku kufuli likiwa bado mlangoni.

Kutokana na mifano hiyo, kigezo cha kuchagua adhabu kinapaswa kuwa swali moja: moto ukizuka usiku huu, je, watu waliomo watatoka? Kama kasoro haizuii watu kutoka wala kupata tahadhari, faini na muda wa marekebisho vinatosha. Kama inawafungia ndani, kwa mlango wenye kufuli, ngazi iliyozibwa, madirisha ya bweni yenye nondo yasiyo na njia nyingine ya kutokea, au kengele ya tahadhari iliyozimwa, matumizi ya sehemu hiyo yasimame siku hiyohiyo. Si lazima jengo zima lifungwe. Linaweza kufungwa bweni moja au ghorofa moja, na wanafunzi wakahamishiwa darasani kwa muda. Amri iwe na masharti yaliyoandikwa, ukaguzi wa marudio ufanyike bila kuchelewa, na mahali pafunguliwe mara marekebisho yanapothibitishwa. Anayerudia kosa baada ya kulipa faini asipewe faini nyingine ya kiwango kilekile.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anapoingia ukumbini au kumpeleka mtoto bweni, aulize kama jengo limekaguliwa na aangalie mlango wa pili ulipo. Akiuona umefungwa kwa kufuli, atoe taarifa kwa ofisi ya zimamoto iliyo karibu. Moto ukitokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kupiga simu ni bure. Faini iliyolipwa jana haimfungulii mlango mtu aliyenaswa na moto usiku wa leo; ndiyo maana kufuli hilo halina budi kuondolewa kabla mteja wa kwanza hajaingia.