Mpira wa Polisi Usitufumbe Macho

Mwaka 1914, Kamishna wa Polisi wa New York, Arthur Woods, alianza kuifunga baadhi ya mitaa kwa magari ili watoto wa maskini wapate mahali pa kuchezea. Juhudi hizo zikazaa Ligi ya Michezo ya Polisi, ambayo ingali hai. Wazo ni jema: kijana amjue askari kabla ya kulijua rungu lake.

Lakini sisi wa Ndhiwa tuna kumbukumbu nyingine. Chini ya KANU, vijana walifanywa jeshi la kuwatisha wenzao. Na tarehe 7 Julai 1990, waliodai vyama vingi walijibiwa kwa risasi. Agosti 2017, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, mtoto wa miezi 6 aliumizwa katika msako wa polisi mjini Kisumu, akafa.

Basi, ndugu wapenda haki, polisi wakileta mpira viwanjani mwetu, tuupokee. Lakini Kifungu cha 244 cha Katiba ya 2010 chawaamuru wajenge uhusiano na jamii na pia waheshimu haki za binadamu. Wasichague moja. Tucheze nao Jumamosi; Jumatatu tuwadai uwajibikaji.