Haiko virusi, ni vumbi

Mwezi wa kumi unakaribia, na kila mutu wa Lubumbashi anajua maana yake: lile joto la kungojea mvua. Tangu mwezi wa tano vumbi nyekundu imeingia mu nyumba, mu kifua, na pia ndani ya ordinatere za zamani zenye kulisha jamaa nyingi mu biro za kuandikisha za barabarani. Ikifika wakati huu, zinaanza kujizima. Zinafanya dakika kumi, kisha giza. Fundi anakuja, anasema: «Iko virusi, tuformate.» Tunalipa. Kesho yake, giza tena. Fundi anarudi: «Prosesere imekufa, ununue ingine.» Sisi tunasema: tusikubali hukumu hii mbele ya kufungua sanduku.

Kuna jaribio moja ambalo halilipishwi. Washa mashini, na mara moja bonyeza Del ao F2 uingie mu BIOS, ule ukurasa unaotangulia Windows. Tafuta mahali panapoandikwa joto la prosesere, kisha iache hapo bila kazi yoyote. Kama namba inapanda tu, inapita 70, na mashini inazimika hapo hapo, shida si virusi, juu Windows haijaamuka bado. Kuformata hakutasaidia kitu. Mashini inajizima ili isiungue.

Watu wengi wako bado na Pentium 4. Tukumbuke ni mashini ya namna gani. Pentium III iliyoitangulia ilikula karibu wati 30 tu. Pentium 4 za mwaka 2004, zile Intel iliita Prescott, zingine zilifika wati 115. Ni joto la balbu kubwa ya zamani, lenye kutoka mu kipande kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Mashini kama hiyo inataka hewa. Sasa fungua uone: chini ya ventilatere, kati ya mabati membamba ya radiatere, vumbi imeshikamana sawa blanketi. Nani anaweza kupumua ndani ya blanketi mwezi wa kumi?

Dawa yake haiko ya bei. Chomoa kamba ya umeme, peleka mashini inje. Shika ventilatere na kidole isizunguke, kisha pulizia na pompi ya kinga, usaidie na brashi laini. Halafu angalia ile pate kati ya prosesere na radiatere: miaka ikipita inakauka, inakuwa sawa chokaa, na joto halipiti tena. Ipanguse na alkoli, weka mpya, kiasi cha punje ya muchele. Dawa ya meno, hapana! Na kwa Pentium 4 za kwanza, usivute radiatere ingali baridi: inaweza kung'oka pamoja na prosesere na kupinda miguu yake. Washa mashini dakika chache, izime, chomoa kamba, ndipo uizungushe polepole.

Kama baada ya hayo yote mashini inajizima tu, angalia kondansatere, yale makopo madogo yaliyosimama kando ya prosesere. Yakiwa yamevimba vichwa, hapo fundi ana haki ya kusema kadi kubwa inakufa. Kopia kazi zako haraka.

Wengine watatuambia: mashini ya miaka 20 inakula umeme bure, itupwe. Kwa mwenye pesa, ni kweli. Lakini mama anayeandikia wanafunzi TFC zao hana dola za kununua ingine. Na kuna shule ambazo majina na pointi za wanafunzi ziko ndani ya programu ya zamani, isiyokubali kufunguka mu mashini mpya. Kutupa mashini juu ya vumbi ni kutupa kazi ya mutu.

Basi tunaomba mambo matatu. Wenye mashini, muzisafishe mara mbili: mwezi wa saba, vumbi ikiwa kali, na mwisho wa mwezi wa tisa, joto likikaribia. Mafundi, mufungue sanduku mwenyewe akiwa anaona, na kipande munachotoa mukirudishe mukononi mwake. Na walimu wa informatiki, hizi mashini kuukuu muwape wanafunzi wazifungue kwa mikono yao. Haifai kijana apate diploma bila kushika turnevisi hata siku moja.

Kusema «imekufa» ni rahisi, na kunaleta pesa. Fundi anayefungua mbele ya kusema, huyo njo fundi.