Maumivu ya Kiuno Yashukayo Mguuni

Mchukuzi wa Kariakoo ainuaye gunia kwa kuinamisha mgongo, au karani aketiye kutwa, aweza siku moja kupatwa na maumivu yatokayo kiunoni, yakapita takoni hata wayo. Majirani watasema ni baridi yabisi. Wengine watamchua mguu. Ugonjwa haumo mguuni. Mara nyingi kisahani laini baina ya pingili za chini za uti wa mgongo kimetokeza, kikabana mzizi wa mshipa wa fahamu.

Zamani mgonjwa aliamriwa kulala siku nyingi. Sivyo tena: atembee kadiri awezavyo. Wataalamu wa fiziotherapia, kama walioko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hapo Upanga, humpima kwanza, ndipo wachague zoezi. Huenda akalazwa kifudifudi ainue kifua kwa mikono. Maumivu yakihama mguuni na kurudi kiunoni, hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno chauma zaidi. Yakizidi kushuka, zoezi huachwa. Kukandwa kwa maji ya moto hutuliza tu. Wengi hupata nafuu katika majuma 6 hadi 12.

Lakini mkojo ukizuilika, ganzi ikishika sehemu za siri, au mguu ukilegea, usingoje zoezi lo lote: nenda hospitali saa hiyo hiyo.