UFA KATIKA PRINTA NI UFA KATIKA MSHAHARA

Ndugu wafanyakazi wa Arua na Koboko,

Ofisi kubwa siku hizi haina printa moja tu. Ina kumi, ishirini au zaidi, na zote hutawaliwa na programu moja ndani ya kompyuta moja. Programu hiyo hujua nani amechapa nini na karatasi ngapi. Msidhani kuwa hilo ni jambo la mafundi peke yao. Karatasi ya mshahara, orodha ya masaa ya ziada, makato ya NSSF, ada ya chama na barua ya onyo, vyote huchapwa kwa njia hiyo.

Mwaka 2023 ulitupa somo. Programu ya namna hiyo iitwayo PaperCut, iliyotengenezwa Australia, ilikutwa na ufa. Mtu aliyeifikia kwa mtandao na kufungua ukurasa mmoja uliobaki wa matayarisho alihesabiwa kuwa msimamizi mkuu, bila kuulizwa neno la siri. Kutoka hapo aliweza kuiamuru kompyuta yenyewe impe majalada, au ayafunge mpaka alipwe.

Tarehe 8 Machi 2023 kampuni ilitoa marekebisho ya kuziba ufa huo. Ofisi nyingi hazikuyaweka. Katikati ya Aprili wezi wakaanza kuingia, na mwezi Mei serikali ya Marekani ikaonya kwamba shule zilikuwa zikishambuliwa. Dawa ilikuwapo, lakini haikunywewa.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya ng'ambo. Wamesahau Oktoba 2020 hapa Uganda, wezi walipoingilia mitambo ya kampuni ya kati iliyounganisha benki na simu. Stanbic, MTN na Airtel zilisimamisha kwa muda upitishaji wa pesa kati ya benki na simu. Mwizi hakuhitaji kuvunja benki. Alipita kwa yule wa katikati.

Sasa tuulize: mtambo wa kiwanda au shamba ukivamiwa, nani atabeba hasara? Karani akisema dirishani kwamba kompyuta imekataa, mwenye duka hatakubali sababu hiyo, wala mwenye nyumba. Tusimlaumu karani, maana hakununua yeye mashine hizo. Usalama wa mashine ni gharama ya mwajiri, si ya kibarua.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya mshahara wake. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde, na zikiibwa atoe taarifa kwa mamlaka.

Basi, katika mazungumzo yajayo na waajiri, wawakilishi wetu wadai mambo matatu:

1. Awepo mtu anayejulikana wa kuweka marekebisho mara yanapotoka, naye apewe muda wa kazi hiyo.

2. Nakala ya orodha ya mishahara iwekwe kando, mbali na mtandao, ili siku ya malipo isiahirishwe.

3. Habari zetu zikiibwa, tuambiwe mara moja.

Na kila mmoja wetu atunze karatasi zake za mshahara nyumbani. Huo ndio ushahidi usiofutwa na mwizi wa kompyuta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukinyamaza, gharama ya ukuta huo itakatwa katika mishahara yetu.