Kabla hujaongeza sauti, badili kipira

Nyumba ya mjomba wangu iko Ipinda, wilayani Kyela, hatua chache kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno mashine huanza kunguruma asubuhi na kuzimwa giza likishaingia. Mjomba alifanya kazi hapo zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi kwenye shamba lake la kakao. Ukimsalimia ukiwa nyuma yake haitikii. Watoto wa jirani wanasema ana maringo, na kwa Wanyakyusa mtu mzima kuacha salamu ipite hivihivi si jambo dogo. Nilipomtembelea mwezi uliopita, nilisema “shikamoo mjomba” mara tatu kabla hajageuka.

Binti yake yuko kidato cha nne. Anasomea sebuleni, dirisha likitazama mashine hiyo hiyo. Amenunua eafoni zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio na kuziba kelele za nje, na kupitia hizo husikiliza masomo ya fizikia aliyoyahifadhi kwenye simu. Nilikuta ugomvi nyumbani. Baba anasema eafoni zitamharibu masikio. Binti anasema bila eafoni hasomi. Baba alipotoka, akanisogelea: “Dada, kusema kweli zinaniuma. Nikikaa nazo nusu saa, sikio la kushoto linawaka moto.”

Barua na ujumbe ninaoupata kuhusu eafoni hufanana na ugomvi huo. Mzazi anataka kuzitupa, kijana anataka kuachwa. Leo nataka tuangalie kitu kidogo kinachosahaulika katikati yao, nacho ni kile kipira laini cha mwisho wa eafoni.

Eafoni za aina hii haziui kelele kwa betri. Zinaziba tu, kama unavyoziba chupa kwa kizibo. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 2.5 na umepinda kidogo. Kipira kikiujaza sawasawa bila kuukandamiza, kelele za nje hupungua sana. Kikiwa kidogo, kelele huingia pembeni na besi ya muziki hutorokea hapo hapo. Kikiwa kikubwa, hukandamiza ngozi mpaka inauma. Wazo la kuziba sikio namna hii lilitoka kwa watu wa usikivu. Kampuni ya Etymotic ya Marekani, iliyoanzishwa na mtaalamu wa usikivu Mead Killion, ilitoa eafoni zake za ER-4 mwaka 1991, na ilikuwa imetangulia kutengeneza vifaa vya kupimia masikio.

Nilimwomba binti wa mjomba anioneshe boksi la eafoni zake. Ndani kulikuwa na kifuko cha nailoni ambacho hakijafunguliwa, chenye vipira vidogo na vikubwa. Yeye alikuwa akitumia vile vya kati vilivyokuja vimeshavishwa. Sikio la kulia vilikaa vizuri kiasi. La kushoto, ambalo tundu lake ni dogo, kipira hakikuingia vizuri. Kilikaa mlangoni, kikikandamiza upande mmoja na kuacha upenyo upande mwingine. Maumivu na kelele vikaingia pamoja.

Alifanya nini kelele za mashine zilipoingia? Aliongeza sauti ya simu. Hapo ndipo baba yake ana haki ya kuogopa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Ikifika 100, ni dakika 20 tu. Kwa watoto kiwango cha saa 40 ni desibeli 75. Ripoti ya shirika hilo kuhusu usikivu, iliyotolewa Machi 2021, inasema vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza usikivu wao kwa sababu ya usikilizaji usio salama.

Huna kipimo cha desibeli nyumbani, lakini mdomo wako unatosha. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele za mahali hapo zimefika kiwango cha kuumiza masikio ukikaa nazo kutwa. Pembeni ya mashine ya mpunga utaona watu wakizungumza kwa ishara. Kijana anayetaka muziki au somo lisikike juu ya kelele hizo, huku kipira kikivuja, anaweka kelele nyingine kubwa zaidi ndani ya sikio lake.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa ubongo. Zikifa kwa kelele hazioti tena. Kwa kawaida zinaanza kufa zile za sauti nyembamba. Mtu bado anasikia ngurumo na sauti nzito, ila anapoteza “s”, “sh” na “f”, na sauti za watoto zinampita. Anajua kuna mtu amesema, hajui amesema nini. Fikiria neno “shikamoo” linavyofika kwa mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo eafoni zinazoziba vizuri zinaweza kuwa rafiki wa sikio, kwa sharti moja: ule ukimya zinaoleta uutumie kupunguza sauti. Hivi ndivyo tulivyofanya pale sebuleni.

Kwanza, pima kila sikio peke yake. Masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, na hakuna aibu kuvaa kipira kidogo kushoto na cha kati kulia. Anza na kidogo, upande kwa upande.

Pili, fungua njia. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sikio sehemu ya juu, livute taratibu kwenda juu na nyuma. Mfereji unanyooka. Ingiza eafoni kwa kuizungusha kidogo, kisha achia sikio. Usisukume kwa nguvu.

Tatu, jisikilize. Sema jina lako. Kama sauti yako inakuwa nzito, kana kwamba unaongea ndani ya mtungi, pande zote mbili zimeziba. Ikiwa nzito upande mmoja tu, upande mwingine unavuja. Hali hiyo ya kusikia sauti yako, kutafuna kwako na hata hatua zako huwakera wengi siku za mwanzo. Si ugonjwa. Ni dalili kwamba umeziba sawasawa.

Nne, kama vipira vyote vinauma, jaribu vya sponji. Unavibana kwa vidole safi, unaviingiza, vinatanuka taratibu na kufuata umbo la sikio. Ubaya wake vinachakaa upesi na kunyonya unyevu, hivyo hubadilishwa mara kwa mara. Kama eafoni zako zina waya, upitishe waya juu na nyuma ya sikio. Uzito hautavuta kipira, na mikwaruzo ya waya kwenye nguo haitasikika.

Tano, panga sauti ukiwa mahali patulivu, chini ya asilimia 60 ya uwezo wa simu. Kisha usiiguse. Ukijikuta unataka kuongeza, toa eafoni uvae upya. Kabla hujaongeza sauti, badili kipira.

Wakati wa kuvua, zungusha kidogo na uvute polepole. Kuzing’oa ghafla huvuta hewa na kukiumiza kiwambo cha sikio.

Binti alivaa kipira kidogo kushoto. Mashine haikunyamaza, ila ilisogea mbali. Simu yake ilikuwa karibu na mwisho wa sauti. Aliishusha hadi nusu, somo likasikika.

Sasa tuongelee Kyela yenyewe, kwa sababu boksi la eafoni halikuandikiwa hali ya hewa yetu. Wenzetu wa Tukuyu wana baridi yao huko juu. Sisi tuko chini, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, joto na unyevu mwaka mzima, na mvua nyingi hasa Machi hadi Mei. Jasho linaingia sikioni. Watoto wa Matema na Itungi wanaogelea ziwani kila wanapopata nafasi. Sikio lenye maji, likizibwa kwa mpira kwenye joto, linakuwa mahali pazuri pa bakteria na fangasi kuota. Linaanza kuwasha, linavimba, linauma ukigusa kile kinyama kilicho mbele ya tundu, halafu linatoa majimaji.

Kwa hiyo ukitoka ziwani au kuoga, inamisha kichwa kila upande maji yatoke, futa sikio kwa nje na kitambaa safi, na uache likauke kabisa kabla ya kuvaa eafoni. Ukiwa unajasho shambani, acha kwanza. Kila baada ya dakika 45 hivi, vua, masikio yapate hewa.

Na tafadhali acha kuchokonoa. Najua tunavyofanya: kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, unyoya wa kuku. Nta ya sikio si uchafu. Inalinda ngozi na yenyewe husafiri kutoka nje taratibu tunapotafuna na kuongea. Kijiti huisukuma ndani. Eafoni nazo huisukuma kidogo, ndiyo maana anayezivaa kila siku anaweza kuziba na kudhani zimeharibika. Angalia kwanza wavu mdogo wa eafoni, mara nyingi nta iko pale. Vipira vya mpira vivue, vioshe kwa maji na sabuni, vikauke usiku kucha. Eafoni yenyewe ifute kwa kitambaa kikavu. Na kila mtu awe na zake. Ndugu wanaogawana eafoni wanagawana na kilichomo sikioni.

Kuna mahali ambapo hata eafoni inayokaa vizuri kabisa haifai kuvaliwa. Ukiwa unaendesha bodaboda au baiskeli barabara ya Kasumulu, ambako malori yanakwenda na kutoka mpakani, sikio ndilo jicho la nyuma. Anayetembea kando ya barabara azivue pia. Wavuvi wanaotoka usiku kufuata usipa kwa taa wanahitaji kusikia upepo ukibadilika na mwenzao akiita. Na usilale nazo. Kipira hukandamiza sikio ulilolalia usiku kucha, na mtoto akilia husikii.

Nyumbani, wazazi na vijana wapatane. Kwa mjomba tulikubaliana hivi: eafoni ni za mezani, wakati wa kusoma. Anayemhitaji binti hapigi kelele toka jikoni, anakuja kugonga meza. Naye binti, mgeni akiingia, anavua zote mbili kabla ya kusalimia. Kuning’iniza moja sikioni huku unaamkia wakubwa hakupendezi, na sikio moja likiwa wazi penye kelele utaongeza sauti ya lile jingine.

Acha eafoni na uende kituo cha afya ukiona sikio linatoa usaha au damu, linauma baada ya siku mbili za kupumzika, linasikia upande mmoja tu, au lina mlio wa nzi usiokoma. Usitie mafuta, kitunguu wala dawa uliyopewa na jirani, kwa sababu kama kiwambo kimetoboka utaongeza madhara. Usikivu ukipotea ghafla, siku hiyo hiyo nenda hospitali, usisubiri kesho.

Nilipokuwa naaga, nilimwambia mjomba lile nililokwenda nalo moyoni: kwamba kabla ya kugombana na eafoni za binti, akapimwe masikio yake. Alicheka, akasema mashine ilishachukua chake. Nikamweleza kwamba kilichokufa hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na vipo vifaa vya kusaidia kusikia. Nikamwambia pia kuhusu wale watoto wanaodhani ana maringo. Hilo lilimnyamazisha. Alikuwa hajui kabisa kwamba wanamsalimia.

Juzi binti amenipigia simu. Mjomba amekwenda Mbeya kuonana na daktari wa masikio. Na vijana wanaofanya kazi kwenye mashine wamenunuliwa vizibo vya sponji vya masikioni. Kabla ya kuanza kazi siku ya kwanza, binti aliwapanga mstari na kuwaonesha namna ya kuvuta sikio juu na nyuma.