Maharagwe ya Jumatatu: Chungu cha umeme hakimalizi kazi yote

KATIKA mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana nchini Marekani, Jumatatu ni siku ya maharagwe mekundu na wali. Desturi hii ni ya tangu zamani. Jumapili familia zilikula paja la nguruwe, na Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Kufua enzi hizo kulikuwa kazi ya kutwa: kuteka maji, kuyachemsha, kusugua, kukamua na kuanika. Mama hakuwa na nafasi ya kusimama jikoni. Basi aliuchukua mfupa uliobaki, akautia chunguni pamoja na maharagwe, akakiacha chungu kitokote taratibu. Nguo zilipokauka, chakula nacho kilikuwa tayari.

Mashine za kufua zilikuja, lakini desturi haikufa. Mwanamuziki Louis Armstrong, aliyezaliwa mjini humo mwaka wa 1901, alikipenda chakula hiki hata akawa anakitaja katika salamu za kumalizia barua zake.

Leo, msomaji mpendwa, tutapika maharagwe hayo, kisha tutapika gumbo, kwa kutumia chungu cha umeme kinachopika polepole. Ni kile chenye bakuli zito la udongo ndani, kifuniko cha kioo, na swichi ya moto wa chini na wa juu. Chombo hiki kinaifaa sana nyumba ambayo baba na mama wako kazini mchana kutwa, na hata mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga. Lakini kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kabla ya kukiwasha, kwani usipolizingatia linaweza kuilaza nyumba nzima kitandani.

WAPISHI WA LOUISIANA

Upishi wa Louisiana una matawi mawili, wa Kikrioli na wa Kikajuni. Wakrioli ni watu wa mjini, waliozaliwa kutokana na mchanganyiko wa Wafaransa walioujenga mji wa New Orleans mwaka wa 1718, Wahispania waliotawala baadaye, na Waafrika walioletwa huko kama watumwa. Wakajuni ni watu wa mashambani na kwenye vinamasi. Wazee wao walikuwa Wafaransa wa Acadia, eneo ambalo sasa ni Nova Scotia nchini Kanada. Waingereza walianza kuwafukuza kutoka huko mwaka wa 1755, nao wakatangatanga hadi baadhi yao wakapata makao Louisiana katika miaka ya 1760.

Mkrioli hupenda kutia nyanya katika gumbo yake. Mkajuni kwa kawaida hazitii, na mchuzi wake huwa mweusi zaidi. Wote wawili huanza na viungo vitatu: kitunguu, pilipili hoho na selari, ile mboga ya mabua marefu yenye harufu kali. Viungo hivyo hukatwa vidogo vidogo na kukaangwa pamoja, na wenyewe huviita "utatu mtakatifu".

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna undugu na gumbo kuliko tunavyodhani. Wataalamu wengi wa lugha husema kuwa jina hilo limetokana na lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kwa neno linalofanana na "kingombo". Hadi leo Wakongo wanapozungumza Kifaransa huiita bamia "gombo". Watumwa walipovushwa bahari walinyang'anywa kila kitu, lakini neno hili halikupotea. Wahindi Wekundu wa kabila la Wachoctaw nao walichangia unga wa majani ya mti wa sassafras, ambao hutumiwa kuufanya mchuzi uwe mzito.

Mpishi mashuhuri wa chakula cha Kikrioli alikuwa Bi. Leah Chase, aliyefariki mwaka wa 2019 akiwa na umri wa miaka 96. Katika mkahawa wa Dooky Chase's, ambao familia ya mumewe iliuanzisha mwaka wa 1941, aliwalisha gumbo wapigania haki za watu weusi. Watu hao walikutana hapo, weusi kwa weupe, wakati sheria za huko zilipokataza watu wa rangi mbili kula meza moja.

CHUNGU CHENYEWE

Chungu cha umeme nacho kina hadithi yake. Kilibuniwa na Mmarekani aliyeitwa Irving Naxon, ambaye alipata hataza yake mwaka wa 1940. Alikuwa amesikia kwa mama yake habari za Wayahudi wa Lithuania. Kwa kuwa dini yao hairuhusu kupika siku ya Sabato, Ijumaa jioni walipeleka vyungu vya nyama na maharagwe kwa mwoka mikate. Tanuri lilipokuwa likipoa polepole usiku kucha, chakula kiliiva humo. Kampuni ya Rival ilinunua kazi ya Naxon mwaka wa 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa chungu hicho kwa jina la Crock-Pot.

Chungu cha aina hii hutumia umeme kidogo, kwa kawaida kati ya wati 150 na 300. Huo ni upole wake, na hapo ndipo penye hatari.

SUMU ILIYOMO KATIKA MAHARAGWE

Maharagwe mekundu makubwa, yakiwa mabichi, yana sumu ya asili. Punje nne au tano tu ambazo hazikuiva zinaweza kumfanya mtu aanze kutapika katika muda wa saa moja hadi tatu, kisha tumbo likamsokota na kumharisha. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Wengi wetu hatujawahi kuisikia kwa sababu huku kwetu maharagwe na githeri hutokota kwa saa nyingi juu ya jiko la makaa au gesi, na sumu huisha bila mpishi kujua.

Chungu cha umeme si jiko. Kikiwekwa kwenye moto wa chini, ndani yake huenda pasifike nyuzi 80 za Selsiasi. Katika joto kama hilo maharagwe hulainika, yakapondeka, yakaonekana yameiva, lakini sumu bado imo. Wachunguzi wamegundua kuwa maharagwe yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu mara tano zaidi ya yale mabichi kabisa. Kwa hivyo usimwage kamwe maharagwe makavu katika chungu cha umeme ukaenda zako kazini.

Dawa yake ni rahisi. Loweka maharagwe usiku kucha, au kwa muda usiopungua saa tano. Yamwage maji hayo. Tia maji mapya katika sufuria ya kawaida na uyachemshe maharagwe juu ya jiko kwa nguvu, yakibubujika, kwa dakika 30. Mwaga maji hayo pia. Sasa yako tayari kwa chungu cha umeme. Maharagwe ya mkebe yamekwisha kupikwa kiwandani, hayana hatari hii. Onyo hili linawahusu pia wale wanaotumia kikapu cha kupikia kisichotumia moto.

MAHARAGWE MEKUNDU NA WALI
(Walaji 6)

Mahitaji
Maharagwe mekundu makavu, gramu 500
Soseji za ng'ombe au nyama iliyokaushwa kwa moshi, gramu 300
Kitunguu kikubwa 1
Pilipili hoho 1
Mabua 2 ya selari
Punje 4 za kitunguu saumu
Thaimu kavu, kijiko kidogo 1
Pilipili kali ya unga, nusu kijiko kidogo
Mafuta, vijiko 2 vikubwa
Maji moto, lita 1 na robo
Chumvi

Namna ya kupika
1. Loweka na uchemshe maharagwe kama tulivyoeleza hapo juu. Usiiruke hatua hii.
2. Kata soseji vipande vya duara, uzikaange kwa mafuta mpaka ziwe za kahawia. Zitoe. Katika mafuta hayo hayo kaanga kitunguu, hoho na selari kwa dakika 10, kisha tia saumu.
3. Tia kila kitu katika chungu cha umeme isipokuwa chumvi. Funika. Pika kwa moto wa chini saa 7 hadi 8, au moto wa juu saa 4 hadi 5.
4. Nusu saa kabla ya kupakua, ponda kiasi cha kikombe kimoja cha maharagwe kwa mwiko ukiyabana ubavuni mwa chungu. Hicho ndicho kinacholeta mchuzi mzito kama malai. Tia chumvi na uonje.
5. Pakua juu ya wali mweupe uliopikwa kando.

Kwa asili watu wa New Orleans hutumia nguruwe. Wasiomla wasikose usingizi. Hata huko New Orleans kwenyewe wako wengi wanaopika kwa bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi. Usitie nyanya, siki wala ndimu mapema, kwani uchachu huyafanya maharagwe yakatae kulainika.

GUMBO YA KUKU NA BAMIA
(Walaji 6)

Gumbo nayo ina hatua isiyowezekana katika chungu cha umeme. Ni ile ya kukaanga unga katika mafuta, ambayo wapishi wa huko huiita kwa jina la Kifaransa, ruu. Rangi na ladha ya gumbo hutoka hapo.

Mahitaji
Mapaja ya kuku 8, yasiyo na ngozi
Soseji, gramu 300
Unga wa ngano, nusu kikombe
Mafuta, nusu kikombe
Kitunguu kikubwa 1, hoho 1 na mabua 2 ya selari
Punje 4 za saumu
Bamia, gramu 250
Supu ya kuku iliyo moto, lita 1 na nusu
Thaimu, pilipili kali na chumvi

Namna ya kupika
1. Pasha mafuta katika sufuria nzito, tia unga, na ukoroge bila kuacha kwa moto wa wastani. Utageuka rangi ya mchanga, kisha karanga, kisha chokoleti. Hesabu dakika 30 au zaidi. Usiitikie simu wala hodi. Ukiona vidoadoa vyeusi, umeungua. Mwaga uanze upya, kwani hakuna kiungo cha kuficha uchungu huo. Watoto wakae mbali, maana mchanganyiko huu hunata kwenye ngozi na kuichoma vibaya.
2. Ukifika rangi ya chokoleti, tia mara moja kitunguu, hoho na selari. Vitaupoza unga usiendelee kuungua. Koroga dakika 5, tia saumu.
3. Mimina supu kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha hamishia yote katika chungu cha umeme.
4. Tia kuku, soseji, thaimu na pilipili. Funika na upike kwa moto wa chini saa 6.
5. Kaanga bamia kando mpaka utelezi upungue, uzitie katika saa ya mwisho. Wanaotaka kamba wawatie dakika 20 za mwisho, la sivyo watakuwa kama mpira.
6. Toa mifupa, tia chumvi, pakua na wali.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Usitie nyama iliyoganda kutoka kwenye friza, iyeyushe kwanza. Jaza chungu zaidi ya nusu, lakini kisizidi theluthi mbili. Usifunue kila mara kuchungulia, kwani joto likitoka huchukua muda mrefu kurudi, na chakula huchelewa. Mvumilivu hula mbivu.

Je, stima ikipotea? Ukiwa nyumbani, hamishia chakula kwenye sufuria na umalizie mara moja kwa gesi au makaa. Ukiwa hukuwapo, na unarudi jioni ukiambiwa na majirani kuwa stima ilipotea mchana, kitupe hata kama kinaonekana kimeiva. Huwezi kujua kilikaa vuguvugu kwa muda gani, na vijidudu hupenda vuguvugu. Inauma kumwaga kuku mzima, lakini dawa na hospitali hugharimu zaidi.

Chakula kinachobaki kiingie katika friji kabla ya saa mbili kupita. Siku ya pili kipashe katika sufuria juu ya jiko mpaka kichemke, si katika chungu cha umeme. Gumbo iliyolala huwa tamu kuliko ya jana, kwa hivyo huna hasara ukipika ya siku mbili.

Ukitaka kuijaribu desturi ya New Orleans kesho Jumatatu, loweka maharagwe yako leo kabla ya kulala. Asubuhi, wakati watoto wanapooga na kuvaa sare za shule, sufuria iwe inachemka kwa nguvu jikoni. Dakika 30 hizo zikiisha, ndipo ukiwashe chungu, ufunge mlango na uende kazini.