UMEME BILA GHALA NI NJAA YA USIKU

Ndugu wanaushirika wa Mwamapalala,

Siku hizi gulioni kuna maneno. Eti jua letu la Usukumani kali hivi, mgao wa umeme unatoka wapi? Tandika paneli za sola, mambo kwisha! Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili tunaiandika hapa.

Umeme wa kwenye waya haukai. Unaowaka sasa umezalishwa sasa hivi. Jua linatoa umeme mwingi saa sita mchana, watu tuko shambani. Saa moja jioni jua limezama, na hapo ndipo nchi nzima inawasha taa. Basi lazima pawepo ghala. Nani kati yetu anavuna mtama bila kuwa na kihenge?

Ghala la umeme la taifa letu ni maji. Bwawa la Mtera lilimalizika mwaka 1980. Lilijengwa liweke maji ya masika, yafunguliwe kidogo kidogo wakati wa kiangazi, yazungushe mitambo ya Kidatu. Maji yale ni umeme uliolala. Lakini kihenge kitupu hakilishi mtu. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji, tukaingia kwenye mgao. Leo tunalo Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye mashine 9 za megawati 2,115, zilizokamilika mwaka 2025.

Majirani zetu wa Kishapu wamepata mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, kwa kuanzia 50. Sisi tunauunga mkono. Mchana tutumie jua, maji yabaki bwawani yatungoje jioni. Jua na bwawa ni jembe na mpini. Wasio na mabwawa hutumia betri. Australia Kusini waliweka betri kubwa ya megawati 100 mwaka 2017.

Sasa tuje nyumbani. Tunataka kununua sola ya ghala letu la pamba. Wapo wanaosema tupunguze betri, tuongeze paneli. Tunawapinga. Msimu wa pamba tunapima mpaka usiku, na mlinzi analinda usiku. Paneli nyingi gizani zitatusaidia nini?

Tunapendekeza mambo matatu:
1. Betri zinunuliwe za kutosha mizani, taa za ghala na za mlinzi.
2. Kila msimu tutenge fedha za betri mpya, maana betri huchakaa kabla ya paneli.
3. Betri hizi za risasi zikinyonywa mpaka mwisho kila siku zinakufa upesi. Kwa hiyo usiku hakuna kuchaji simu za watu wala kuwasha televisheni ghalani, hata kama ni ya kiongozi.

Mkutano mkuu utaamua. Njooni wote, akina mama na vijana pia, tusije tukanunua mwanga wa mchana.

Katibu